Lenzi Iliyokataa Jua la Pasua

Ndelilio alikuwa mtu wa kuzungumza na vitu kuliko kuzungumza na watu. Redio ikiletwa mezani kwake ikiwa bubu, aliweza kuihoji kimoyomoyo saa nzima, akiiuliza panapouma, na mwisho ikamjibu. Lakini mwenye redio akirudi na kusema, "Vipi fundi, imepona?" Ndelilio alitazama chini, akaisukuma redio mbele kwa vidole viwili, akaiwasha. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Ikiimba, imepona.

Shule alikomea darasa la saba, huko kwao Old Moshi, juu kwenye baridi ya Mlima Kilimanjaro, akarudi kupalilia kahawa ya baba yake. Ufundi aliupata kwa kufungua redio ya nyumbani siku wazee walipokwenda msibani, akaifunga kabla hawajarudi, na kwa bahati njema ikaimba vizuri kuliko mwanzo. Tangu hapo hakushika jembe kwa moyo wote. Enzi ya ruksa ilipokuja, biashara ikafunguliwa na vitu vikaanza kumiminika kutoka Dubai na kwingineko, alikuwa amekwisha pata meza yake chini Pasua, kwenye joto la Moshi mjini, katika baraza la duka la mama mmoja anayeitwa Theopista. Zikaja redio za kaseti mbili, zikaja televisheni, zikaja deki za video, mwisho zikaja mashine za CD. Kila kimoja alijifunza kwa kukifungua. Hakuwa na mwalimu wala kitabu. Alikuwa na bisibisi, kipimo cha umeme chenye mshale, chuma cha kulehemu, na subira.

Subira hiyo ndiyo Elisaria aliyoimaliza.

Elisaria alikodisha mziki wa harusi. Alikuwa na spika nne ndefu kama milango, kipaza sauti, na mashine ya CD ambayo aliipenda kuliko ng'ombe. Naye alikuwa mtu wa Old Moshi, kwao na kwa Ndelilio ni ng'ambo na ng'ambo ya mto mmoja, ila yeye alihamia Pasua akajenga huko. Mwishoni mwa mwaka 1999 mashine yake ilianza kurukaruka. Ndelilio akaifungua, akaona lenzi imechoka. Elisaria akaagiza mpya kupitia kwa shemeji yake wa Nairobi, ikaja ndani ya kiboksi kidogo cha karatasi ngumu, Ndelilio akaifunga. Ikaimba.

Iliimba asubuhi. Saa saba mchana, jua la Pasua likiwa limekaa juu ya bati, ikaanza kukwama. Ikasoma namba ya wimbo, ikasahau, ikasoma tena, mwisho ikaandika kwamba haina CD ndani, na CD imo.

Ndelilio akaisafisha kwa spiriti. Akapaka grisi reli yake. Haikusaidia. Jumapili akaipandisha nyumbani, akaiweka sebuleni baada ya ibada, ikapiga CD nzima mpaka mwisho bila kikwazo. Akairudia mara tatu. Mkewe Winfrida alikuwa anamenya ndizi, akasema, "Baba Doris, mashine haina ugonjwa hii. Mwenye nayo ndiye mgonjwa." Jumatatu akaishusha Pasua. Saa saba ikakwama.

Elisaria hakugomba mara ya kwanza. Akasema mizigo ya Nairobi mingine ni mibovu, akaagiza ya pili. Ndelilio akaifunga kwa uangalifu zaidi, akaijaribu asubuhi, akaipandisha Old Moshi akaijaribu huko, akamrudishia mwenyewe kwa moyo mweupe.

Jumamosi ya kwanza ya Februari mwaka 2000 palikuwa na harusi Rau. Bibi harusi amefika mlangoni pa turubai, shela limeshikwa, wapambe wamejipanga wawili wawili, wazee wamesimama. Elisaria akabonyeza. Mziki ukatoka, hatua nne, ukakatika. Akabonyeza tena. Kimya. Bibi harusi amenyanyua mguu hajui aushushe lini. Ikabidi akina mama waanze kupiga makofi na vigelegele, akaingia hivyohivyo, kama maharusi wa zamani kabla ya umeme.

Jumatatu asubuhi Elisaria alifika barazani na mashine kwapani. Palikuwa na watu wanne watano wakinunua mkate.

"Fundi, nikuulize kitu mbele ya watu."

Ndelilio akaweka bisibisi chini.

"Lenzi yangu iko wapi?"

"Imo humo."

"Humo imo lenzi. Mimi nauliza yangu."

Watu wakacheka. Ndelilio akahisi masikio yanawaka.

"Nimekuletea lenzi mpya mara mbili," Elisaria akaendelea, "na mara mbili napata mashine inayokohoa. Shemeji yangu ananiambia Nairobi wote wanafunga lenzi hizi na zinaimba. Sasa ya kwangu inaimba wapi? Kwenye mashine ya nani?"

"Elisaria, baba," Theopista akasema kutoka ndani ya duka, "mtu akiwa kimya si kwamba ana hatia."

"Mama, kwani mwenye hatia huwa anapiga ngoma?"

Wakacheka tena. Ndelilio alikuwa na maneno mengi. Alitaka kusema kwamba tangu akae pale hajawahi kubadili hata skrubu ya mtu. Alitaka kusema njoo Old Moshi uisikie inavyoimba. Maneno yalipanda yote kwa pamoja kama watu wanaogombea mlango mmoja, na hakuna lililopita. Akasema tu, "Sijachukua."

"Haya. Nakupa mpaka Jumamosi. Lenzi yangu isiporudi, sikupeleki polisi, polisi ni mbali. Ila kila harusi nitakayopiga, kabla ya keki, nitashika kipaza sauti na kulitaja jina lako. Tuone nani ataleta hata tochi kwenye meza hii."

Akaacha mashine mezani, akaondoka.

Jioni ile Winfrida alisikiliza habari yote bila kumkatiza. Kisha akasema, "Peleka isale."

Kwa Wachagga, jani la isale likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, hawezi kulikataa. Akilipokea, kesi imekufa, na atakayeifufua ndiye atakuwa na kosa.

"Isale anapeleka mkosaji," Ndelilio akasema. "Mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa. Lakini Jumamosi atakutangaza."

"Nikipeleka jani nimesema niliiba."

"Na usipopeleka atasema yeye. Kwa kipaza sauti. Mume wangu, wewe mwenyewe hujui kujitetea hata kwa kuku. Liache jani likusemee."

Alikataa. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alimwinulia mkewe sauti, halafu akaona aibu, akaenda kumkatia ng'ombe majani ambayo tayari yalikuwa yamekatwa.

Jumanne nzima aliishindania ile mashine. Alikwisha shika jambo moja: inaugua kwa joto. Akanunua kwa Theopista pakiti sita za barafu za ubuyu, akazipanga kuizunguka. Saa nane mchana, juani, ikaimba! Akasimama. Theopista naye akatoka kuchungulia. Zikapita dakika ishirini, barafu zikayeyuka, wimbo ukakatika katikati ya neno.

Akakata kipande cha mfuniko wa sufuria, akakisugua mpaka kikang'aa, akakibana nyuma ya lenzi ili bati linyonye joto. Akapata dakika kumi zaidi. Akaongeza bati la pili. Hakupata hata moja. Pembeni ya lenzi kulikuwa na skrubu ndogo kama kichwa cha sindano; mafundi wa sokoni walikuwa wakiikaza ili lenzi ing'ae zaidi. Aliijua, na hakuipenda, maana ni sawa na kumchapa punda aliyechoka. Lakini Jumanne hiyo aliikaza, robo mzunguko. Mashine ikaimba saa nzima kwa nguvu, halafu ikakwama vibaya kuliko awali, na sasa hata asubuhi ikawa inasitasita. Akairudisha skrubu mahali pake. Alikuwa na hasira, na hakujua anamkasirikia nani.

Jumatano Mwalimu Hilaria, aliyefundisha fizikia sekondari na kununua sukari pale kila wiki, alikuta tena mashine imezungukwa na barafu.

"Fundi! Unaiuguza homa?"

"Inakataa joto, Mwalimu."

"Tangu lini?"

Mwalimu Hilaria alikuwa na namna ya kuuliza na kisha kusubiri, kama mtu asiye na safari nyingine. Ndelilio akajikuta anaeleza. Lenzi ya kwanza, ya pili, Old Moshi inaimba, Pasua inakufa. Mwalimu akaomba kuona karatasi iliyokuja na lenzi. Ndelilio alikuwa akiweka skrubu ndani ya kile kiboksi. Akazimwaga, akatoa karatasi iliyokunjwa, yenye Kiingereza na maandishi ya Kijapani na michoro.

Mwalimu akasoma kimya, midomo ikichezacheza.

"Unajua kilichomo chini ya hiki kioo?" akauliza. "Kuna leza. Kipande cha fuwele kidogo kuliko punje ya chumvi. Umeme ukipita ndani yake kinatoa mwanga ambao macho yetu hayauoni, na mwanga huo ndio unaosoma CD."

"Na joto?"

"Joto ni adui yake tangu azaliwe. Wenyewe walioitengeneza, mwanzoni ilikuwa inawaka kwenye baridi tu, tena si baridi ya Old Moshi, ni baridi ya kufanya hata hewa igeuke maji. Wakahangaika nayo miaka minane hivi mpaka ikakubali kuwaka mfululizo kwenye joto la chumba cha kawaida. Na hata leo kuna wanaotafuta namna ya kuifanya ndogo zaidi, na kadiri inavyopungua ndivyo joto linavyowasumbua."

"Miaka minane," Ndelilio akasema.

"Na ni maprofesa, wana maabara."

Lile neno lilimkaa vizuri. Alikuwa amejiona mjinga peke yake chini ya mlima mzima, kumbe kuna watu wenye miwani mahali fulani waliokaa mbele ya kitu hikihiki na kutamani kukitupa dirishani. Lakini Mwalimu alikuwa anaendelea kusoma, na nyusi zake zilikuwa zimesogeleana.

"Lakini hii yako ni mpya. Mpya haitakiwi kuchoka kwa jua la Pasua. Fundi, hii picha uliionaje?"

Ilikuwa picha ya mkono uliofungwa waya kwenye kifundo cha mkono, na pembeni pembetatu yenye alama ya radi.

"Wanasema usishike ukiwa umechomeka umeme. Mimi huwa nachomoa."

"Siyo umeme wa ukutani. Ni umeme wa mwilini mwako. Ule wa kuvua sweta la nailoni likalia tatata na nywele zikasimama. Wewe unakuchekesha, lakini kwa punje hii ni radi. Haiui palepale, inaijeruhi. Leza iliyojeruhiwa kwenye baridi itajikongoja, kwenye joto inashindwa. Na hapa wanasema kuna kitone cha lehemu wamekiweka kuikinga. Ukiyeyushe mwisho kabisa, baada ya kuunga waya."

Kile kitone Ndelilio alikiona mara zote mbili. Alidhani ni uchafu wa kiwandani, akakiyeyusha kwanza kabisa, kwa sababu alipenda kazi safi.

Na sweta lilikuwa pale, kwenye msumari nyuma ya kichwa chake. Sweta la mtumba, la kijani, zito. Anayetoka Old Moshi alfajiri hawezi kushuka bila sweta. Na anayefika Pasua hawezi kukaa nalo. Kila siku, saa tatu, jua likipiga barazani, Ndelilio alilivuta juu kupitia kichwani, likalia, vinyweleo vikasimama mikononi, akakaa, akanyoosha mkono, akaanza kazi. Januari yote hewa ilikuwa kavu kama unga.

"Fundi, unaumwa?" Mwalimu akauliza.

"Ni mimi," Ndelilio akasema. "Ni mimi niliyeziua."

Siku ile hakugusa kazi nyingine. Kilichomuumiza si kosa lenyewe. Ni kwamba kosa alilofanya lilikuwa na sura ya uongo. Aende kwa Elisaria aseme nini? Lenzi zako ziliuawa na sweta? Hata yeye mwenyewe, angeambiwa hivyo na fundi, angeangalia mifuko ya huyo fundi.

Akamuuzia Theopista redio yake ya nyumbani, akamwagiza kondakta wa basi la Nairobi lenzi ya tatu. Ikafika Ijumaa asubuhi. Sweta aliliacha nyumbani, akashuka akitetemeka kwa baridi na fulana. Akapigilia nondo ardhini kando ya baraza, akaimwagia maji, akafunga waya wa shaba kutoka kwenye nondo mpaka kwenye kifundo cha mkono wake.

"Mama yangu wee!" Theopista akasema. "Fundi leo amejifunga kama mbuzi wa Krismasi."

Hakucheka. Aliunga waya kwanza. Kitone cha lehemu alikiyeyusha mwisho. Alifunga skrubu moja moja, akaibeba mashine, akaiweka katikati ya uwanja, juani, bila barafu, bila bati. Saa saba ikaimba. Saa nane ikaimba. Saa tisa bati la duka lilikuwa linalia kwa joto, na mashine ikaimba CD ya pili, na Ndelilio amekaa juu ya ndoo kando yake, jasho linatiririka, anatabasamu peke yake.

Jumamosi asubuhi, kabla hajashuka, alikata jani la isale kwenye mpaka wa shamba. Winfrida akamtazama akilifunga fundo.

"Umekubali."

"Sasa nina kosa," akasema. "Nimemharibia lenzi mbili. Hilo ndilo naliombea msamaha. Wizi siuombei."

"Ukamwambie hivyohivyo."

"Nitamwambia."

Njia nzima, mashine kwapani na jani mkononi, alikuwa anayapanga maneno. Sikuiba. Niliharibu, bila kujua. Maneno manne. Aliyarudia kila kona mpaka yakalainika mdomoni.

Elisaria alikuwa uani kwake na majirani wawili, wanapakia spika kwenye pikapu. Aliona jani kabla ya kumwona mwenye jani. Akaacha kazi, akafuta mikono kwenye suruali, akanyooka. Hata majirani walivua kofia.

"Mbe Elisaria," Ndelilio akaanza, akimwita kwa heshima ya kwao, "nimekuja…"

Elisaria akanyoosha mikono miwili, akalipokea jani.

"Yameisha," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli. "Mtu aliyeshuka mlima na isale ni mtu. Yameisha, ndugu yangu."

"Ngoja. Sikuiba. Niliharibu…"

"Usiseme. Yameisha."

Ndelilio akaweka mashine chini, akaiunga na umeme na spika ambayo haijapakiwa, akaiwasha, kwa kuwa hilo ndilo jibu alilolizoea. Mziki ukatoka, mnene, safi. Elisaria akapiga kofi pajani.

"Mnasikia? Hiyo! Hiyo ndiyo lenzi yangu!"

"Hapana, hii nimeagiza mwenyewe. Zile zako ziliuawa na…" Akasita. "Na sweta."

Jirani mmoja akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Na nini?"

"Sweta langu. Lina umeme. Ukilivua…"

"Fundi," Elisaria akasema, akimwekea mkono begani, "jani nimelipokea. Kwetu tukishapokea hatufukui. Ukiendelea kueleza utanilazimisha nikuulize, na mimi sitaki tena kukuuliza. Umerudisha. Inatosha. Njoo ule."

Akala. Angefanyaje? Kukataa chakula baada ya isale ni kuanza vita upya. Akakaa kwenye kigoda na sahani ya kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, mapajani, na kila mtu alikuwa mwema kwake.

Mchana ule, kwenye harusi ya Pasua, Elisaria alishika kipaza sauti kabla ya keki, kama alivyoahidi. Alisema mziki huu mnaousikia umetengenezwa na fundi Ndelilio wa Old Moshi, mtu muungwana, aliyekosea akarudi, na ni wangapi wetu tunaoweza kurudi? Watu wakapiga makofi. Akasema hivyo harusi iliyofuata, na iliyofuata.

Kazi zikaja. Kwa miezi michache meza ilijaa mashine za CD hata akalazimika kuziweka chini. Mafundi wa sokoni walikuja kuangalia ule waya wa mkononi, wakacheka, wakaondoka, na wawili wakarudi kuuliza. Mwalimu Hilaria aliwaeleza watu dukani mara mbili tatu habari ya umeme wa mwilini. Walimsikiliza kwa adabu, kwa kuwa ni mwalimu, kisha wakasema hata hivyo jambo la maana ni kwamba alitubu.

Siku moja mwezi wa Agosti akaja mama mmoja wa makamo, mgeni, na mashine mpya kabisa imefungwa kwenye khanga.

"Shikamoo fundi, maana hata kama tunalingana fundi ni mkubwa," akasema, akicheka. "Nimeelekezwa kwako. Wamenihakikishia siku hizi umeacha."

Ndelilio aliinua uso. Alimtazama moja kwa moja machoni, kitu ambacho hakuwa mtu wa kukifanya.

"Sikuacha, mama," akasema. "Sikuwahi kuanza."

Yule mama akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Haya baba, haya. Hukuanza." Akafungua khanga, akaweka mashine mezani, akavuta benchi, akakaa karibu, goti lake likigusa mguu wa meza, macho yakiwa kwenye vidole vya fundi.

"Utakuja kuichukua kesho," Ndelilio akasema.

"Nitakaa tu," akajibu. "Sina haraka."

Ndelilio akachukua bisibisi, akafungua skrubu ya kwanza, akaiweka mahali ambapo yule mama angeweza kuiona.